Tarehe Iliyosogea

Inspekta hakukaa. Kiti kilikuwepo, na koplo alikuwa amekifuta vumbi kabisa, lakini yeye aliizunguka meza ya chumba cha mahojiano mara tatu kabla hajauliza swali la kwanza. Kituoni walimwita Miguu, wala si kwa sababu ya uzuri wa miguu yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Saa nane mchana mtu aliyeketi mbele yake angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuharibu kwa makusudi kumbukumbu za hospitali, na hati ya mashtaka ilikuwa tayari juu ya meza ya Mkuu wa kituo, ikisubiri sahihi moja tu. Sahihi hiyo ilikuwa ya Inspekta.

Mtu mwenyewe alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali. Shati lake lilikuwa la tangu Jumatano, siku waliyomkamata. Siku mbili kabla ya hapo, Jumatatu ya tarehe kumi na tatu, alikaa mbele ya seva inayotunza picha za eksirei, akaandika amri ya mstari mmoja, na picha elfu sita zikayeyuka. Mashine ya akiba haikuwa na kitu, kwani ilikuwa inasubiri kipuri kwa mwezi wa pili sasa. Watu waliokuwa wamepangiwa upasuaji wiki ile walirudishwa nyumbani.

"Rudia," Inspekta alisema.

"Afande, nimeshaeleza mara nne."

"Ya tano haitakuua."

Fundi alipitisha kiganja usoni. "Diski ilikuwa imejaa. Kuna programu ya kusafisha diski, lakini sikutaka kukurupuka. Nilitaka kwanza kuona itafuta nini. Nikafungua mwongozo kwenye tovuti yao. Umeandikwa hivi: ukiweka herufi t, programu inaonyesha tu orodha ya mafaili ambayo ingefuta, haifuti kitu. Nikaweka t. Ikafuta."

Inspekta alimsukumia karatasi. Ulikuwa ukurasa uleule wa mwongozo, aliouchapa mtaalamu wa kompyuta wa kituo Jumatano kutoka kwenye tovuti hiyohiyo. Juu palikuwa na jina la programu, katikati maelezo, na chini kabisa, kwa maandishi madogo, jina la mfumo upande wa kushoto na tarehe upande wa kulia: kumi na nne, ya mwezi huu. Katikati mtu alikuwa amepiga mstari mwekundu chini ya sentensi moja.

"Soma hapo."

"Ukiweka herufi t, programu inafuta moja kwa moja bila kuomba uthibitisho." Alisoma bila kuhitaji kutazama. Alikuwa ameshaikariri.

"Mwezi uliopita ulinyimwa cheo."

"Ndiyo."

"Ukamfokea mkurugenzi mbele za watu."

"Nilimfokea yeye, afande. Wagonjwa sikuwa na ugomvi nao."

Inspekta akaenda dirishani, akarudi. Fundi aliishika ile karatasi kwa ncha za vidole, na sauti yake ikashuka.

"Kuna kitu kimoja kinaniumiza kuliko selo. Nikifumba macho nayaona maneno niliyoyasoma. Yako palepale. Lakini karatasi hii hapa nayo ni ya kweli, sivyo? Sasa nimeanza kujitilia shaka. Labda sikuyasoma. Labda nilitaka tu yawe hivyo. Afande, mtu anaweza kusoma kitu ambacho hakipo?"

Katika miaka yake ya kazi Inspekta alikuwa amewahoji waongo wa kila aina, na wote walishikilia maneno yao mpaka mwisho. Huyu alikuwa anayaachia, tena kwa hofu ya kweli, na jambo hilo lilimkera kama kokoto ndani ya kiatu.

Nje, kwenye benchi la korido, mke wa fundi alikuwa amekaa na chupa ya chai mapajani. Alinyanyuka haraka.

"Afande, anakula?"

"Chai anakunywa, dada. Kula bado."

Mkuu wa kituo alikuwa amesimama mlangoni kwake, kalamu mkononi. "Miguu, sahihi."

"Nipe mpaka saa nane kasoro, mzee."

"Unakwenda wapi tena?"

"Kumwona aliyeandika hicho kitabu cha mwongozo."

"Siku hizi tunakamata na vitabu?" Mkuu aliguna, lakini Inspekta alikuwa ameshafika kwenye ngazi.

Mfumo uliokuwa ukiendesha seva ya hospitali ulikuwa wa bure. Haukuwa mali ya kampuni yoyote. Watu wa kujitolea waliutengeneza, kila mtu kwa wakati wake, na msimbo wake ulikuwa wazi kwa yeyote anayetaka kuuchukua, kuusoma au kuurekebisha. Kurasa zake za mwongozo, zinazoeleza kila programu inafanya nini na kila herufi ina kazi gani, zilitunzwa katika vyumba viwili vya ghorofa ya tatu, juu ya duka la miwani, mwendo wa dakika kumi kutoka kituoni. Inspekta alitumia saba.

Mtunzaji alikuwa mwalimu mstaafu wa hisabati, mama wa miaka sitini na kitu, ambaye watu wa mfumo ule kote duniani walimjua kwa jina la Mama Kurasa. Meza yake ilikuwa safi mno. Kwenye rafu nyuma yake kulikuwa na mwongozo wa kila toleo, umechapwa na kufungwa kwa utepe, na mgongoni umeandikwa mwaka kwa mkono.

"Kaa, mwanangu."

"Nimezoea kusimama, mama."

"Basi simama, lakini usinizungukie. Nina kizunguzungu cha kuzaliwa nacho."

Inspekta akajilazimisha kusimama sehemu moja, akaeleza kilichompeleka. Alieleza habari za seva, picha, fundi aliyekuwa rumande na kesi ya saa nane. Mama Kurasa alisikiliza huku akifuta miwani yake. Alipoambiwa habari za fundi, mkono ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Wamemkamata mtu?"

"Jumatano. Anasema ukurasa wenu ulimwambia herufi t haifuti."

"Ukurasa unasema inafuta."

"Najua unavyosema leo. Nataka kujua ulivyosema Jumatatu."

Mama Kurasa alivaa miwani, akageukia skrini. Mikono yake ilipokuwa ikitafuta, mdomo ulifundisha. Ualimu ulikuwa haujamtoka. Alieleza kwamba kila badiliko linawekwa kwenye orodha, lina jina la aliyelifanya na kichwa cha habari kinachosema amefanya nini. Kisha akaeleza habari za tarehe iliyo chini ya kila ukurasa, na hapo sauti yake ikachangamka.

"Tarehe hiyo si pambo. Ukipanga mistari, ukasogeza nafasi, huigusi. Maana ikibadilika, hata kwa neno moja, unaisogeza. Msomaji akiona tarehe mpya anajua lazima asome upya. Ndiyo sheria ya nyumba hii tangu nimeingia. Hawa vijana wa programu wanasahau kila siku, nawafokea mpaka sauti inanikauka."

"Na ukurasa wa kusafisha diski?"

"Mwezi huu umeguswa mara mbili. Tarehe tano, maandalizi ya toleo jipya, pamoja na kurasa nyingine sitini. Tarehe kumi na nne, kupanga mistari, kurasa mia nne na kumi na mbili kwa mkupuo. Ni usafi tu huo. Maana yake haijaguswa, huu mwaka wa pili."

Inspekta aliandika kwenye daftari lake. "Nani alifanya?"

"Jina ni langu. Lakini funguo za kuingilia tunazo wawili." Kwa kidevu alionyesha ukuta wa mbao uliokitenga chumba cha pili. "Mimi na Kaptula."

Chai yake ilikuwa pembeni, imepoa, imefanya utando juu. Inspekta alipogeuka kwenda, Mama Kurasa alimwita.

"Huyo kijana. Watamfunga?"

"Akitiwa hatiani, miaka si haba."

Mama Kurasa akavua miwani tena, akaifuta. Ilikuwa haina doa.

Kaptula alikuwa mtengeneza programu, mwanamume mwenye ndevu na mvi mbili tatu, na kweli alikuwa amevaa kaptula, ofisini, siku ya kazi. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa programu ya kusafisha diski. Alitoa vipokea sauti masikioni na kumtazama Inspekta akipima chumba kwa hatua.

"Afande, unatafuta choo?"

"Natafuta mtu. Mabadiliko ya ukurasa ya tarehe kumi na nne ni yako?"

"Ya kurasa mia nne na ngapi sijui? Hapana. Hayo ni ya Mama. Nani mwingine ana roho ya kupanga mistari ya kurasa mia nne?"

"Funguo unazo."

"Ninazo. Na za nyumbani kwa mama mkwe ninazo pia, lakini siendi."

Inspekta hakucheka. "Wewe na Mama Kurasa mnagombana. Mtaalamu wetu wa kompyuta anasema hata kwenye barua pepe za wote mnagombana."

"Zisome, utacheka. Ugomvi wenyewe ni tarehe. Miaka sita niko hapa, sijawahi kukumbuka kusogeza tarehe hata moja. Kila nikimaliza kazi, Mama anakuja kuisogeza yeye, halafu ananiandikia barua ndefu kama ripoti ya shule."

"Herufi t inafanya nini?"

"Inafuta bila kuuliza." Alijikuna ndevu, na kwa mara ya kwanza akaonekana hana raha. "Watu wengi hawaipendi, ni ya hatari. Niliahidi kuibadilisha, iwe inaonyesha orodha tu. Nikasema wiki ya kwanza ya mwezi huu itakuwa tayari. Nikakwama. Mpaka leo iko vilevile."

Miguu ya Inspekta ilisimama.

"Sema tena. Ulitaka iwe inafanya nini?"

"Inaonyesha tu orodha ya mafaili. Haifuti kitu."

Inspekta alifungua daftari, akarudi kurasa mbili nyuma. Maneno ya fundi yalikuwa pale, na kama fundi alikuwa ameyatunga, basi alikuwa ametunga, bila kujua, ahadi ya mtu asiyewahi kuonana naye. Saa ya ukutani ilisema saa sita na nusu.

"Uliandika ukurasa kwanza," alisema, akiisogelea meza. "Kazi ikakushinda. Hospitali ilipopata balaa ukaurudisha kimyakimya, kwa jina la Mama. Funguo unazo. Ahadi ilikuwa yako."

Kaptula alipigwa na butwaa, kisha akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Inspekta na kuacha.

"Afande, mimi kuandika ukurasa kabla ya kazi? Hata baada ya kazi siandiki! Muulize mtu yeyote. Na kama ni mimi niliyeurudisha, basi tafuta tarehe, utaikuta ya zamani palepale."

Inspekta alitoa ile karatasi kwenye faili. Alikuwa ameitazama mara kumi tangu Jumatano, na mara zote macho yake yalikwenda kwenye mstari mwekundu. Sasa yalishuka chini. Kumi na nne, mwezi huu. Mama Kurasa alisema maana haijaguswa kwa miaka miwili. Mama Kurasa huyohuyo alisema tarehe haisogei mpaka maana isogee.

"Kurasa zile mia nne na kumi na mbili," alisema polepole. "Naweza kuona tarehe za chini, zote, kabla na baada?"

Kaptula aliandika mstari mmoja. Mashine ilijibu kabla hajatoa vidole kwenye kibodi.

"Mia nne na kumi na moja hazikusogea," alisoma. "Moja imesogea."

"Ipi?"

Kaptula hakuhitaji kuitafuta. "Kusafisha diski."

"Nionyeshe kilichobadilika kwenye ukurasa huo peke yake."

Skrini ilitoa mistari mingi iliyosogezwa kulia au kushoto, kazi ya usafi kweli, na katikati yake, pamefichwa vizuri, sentensi moja iliyoondolewa na nyingine iliyowekwa mahali pake. Iliyoondolewa ilisema: ukiweka herufi t, programu inaonyesha tu orodha ya mafaili ambayo ingefuta, haifuti kitu. Inspekta aliilinganisha na daftari lake. Neno kwa neno.

"Iliingia lini?"

Kaptula alitafuta. "Tarehe tano. Ndani ya zile kurasa sitini za maandalizi." Akaisukuma kibodi mbali. "Afande, huo si mkono wangu. Mimi tarehe sisogezi."

Wote wawili waliutazama ukuta wa mbao.

Inspekta alichapa kurasa hizo na kurudi chumba cha kwanza. Mama Kurasa alikuwa amezima skrini na kuweka mkoba juu ya meza.

"Nimesikia," alisema. "Ukuta wenyewe huu ni wa jina tu."

Inspekta aliweka karatasi mbele yake. Alikuwa amezoea kufurahi saa kama hii, lakini furaha haikuja. Mama yule alimpendeza.

"Nieleze."

"Nilichoka kuwa nyuma ya programu, mwanangu. Siku zote wao wanabadilisha, mimi nawakimbilia na kalamu. Mara hii nikasema nitawahi. Kaptula ameahidi wiki hii, nami naandika wiki hii. Tovuti inatoa maandishi mapya kila asubuhi, haisubiri programu. Yeye akakwama, nami nikasahau. Ukurasa ukakaa pale siku tisa ukisema uongo. Jumanne asubuhi redio ikatangaza habari za hospitali. Nilijua ni mfumo wetu. Nikaufungua ukurasa, nikaona nilichoandika."

"Ukaufunika kwa kurasa mia nne."

"Nikaufunika. Nilisema moyoni, kosa limerekebishwa, inatosha, nani atajua. Sikujua kwamba kuna mtu ndani."

"Lakini leo ulijua. Nilikuambia kwa mdomo wangu. Na baada ya hapo ukaniambia maana haijaguswa mwaka wa pili."

Mama Kurasa alisogeza mkoba pembeni.

"Ndiyo," alisema. "Ya kwanza ilikuwa aibu. Hiyo ya leo ilikuwa dhambi."

"Ulificha kila kitu vizuri, mama. Kwa nini ukasogeza tarehe?"

"Niliisogeza?" Alivuta karatasi, akaangalia chini, na ilikuwa wazi kwamba anaona kwa mara ya kwanza. "Sikumbuki. Mkono tu. Mkono umezoea."

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Inspekta alishika kitasa cha mlango, lakini Mama Kurasa alikuwa ameiwasha tena skrini.

"Dakika mbili, mwanangu. Niwaandikie wenzangu."

"Mama, saa."

"Mbili tu."

Aliandika akiwa amesimama. Kaptula alikuja nyuma yake, akasoma juu ya bega lake. Barua ilikuwa fupi: ukurasa wa kusafisha diski ulikuwa na kosa kuanzia tarehe tano hadi tarehe kumi na nne, kosa ni langu, na nililificha.

"Mama, hilo la kuficha si lazima," Kaptula alisema kwa upole.

"Ni lazima," alijibu, akabonyeza kutuma.

Inspekta alishuka ngazi mbilimbili na kuwaacha wamfuate kwa mwendo wao. Njiani alimpigia Mkuu, simu ikaita na kukatika. Akapiga tena, vilevile. Alipoingia kwenye korido ya mahakama jasho lilikuwa limemlowesha mgongo, na saa ilikuwa nane kasoro dakika sita. Mkuu alikuwa mlangoni na hati mkononi.

"Sisaini, mzee," Inspekta alisema, akampa karatasi.

Mkuu alisoma akiwa amesimama, akasoma tena, akaguna mguno mrefu. "Aliyeandika yuko wapi?"

"Anakuja. Kwa miguu yake."

"Na huyo atasema mbele ya hakimu?"

"Ameshasema mbele ya dunia nzima, mzee."

Mkuu akasukuma mlango kwa bega na kuingia kumtafuta mwendesha mashtaka.

Fundi alikuwa kwenye benchi la ukutani, pingu mkononi, mkewe upande mmoja na koplo upande mwingine. Inspekta alimpa karatasi ya mwisho, yenye ile sentensi iliyoondolewa. Fundi aliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya pingu. Alisoma mara moja tu.

"Ndiyo yenyewe," alisema. "Ndiyo yenyewe hii."

"Ulisoma vizuri," Inspekta alimwambia.

Fundi aliinama mpaka kichwa kikagusa magoti, akalia bila kujificha, na mkewe akamwekea mkono shingoni. Koplo alitazama dari. Baada ya muda fundi akainua uso.

"Na picha?"

"Picha hazijarudi."

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyelijua jibu tangu mwanzo. Koplo alikuwa bado anahangaika na ufunguo wa pingu Mama Kurasa alipotokea mwisho wa korido, mkoba kifuani, akihema, Kaptula akimshika kiwiko. Alikuja mpaka mbele ya benchi.

"Baba," alisema, "ukurasa ule niliuandika mimi."

Fundi alimtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Wewe ndiye Mama Kurasa?"

"Ndiye."

"Miaka kumi na miwili niko kwenye kazi hii. Kila nikikwama, nakufungua wewe kwanza. Kabla sijamuuliza mtu yeyote." Hakuwa na hasira, na ingekuwa nafuu kama angekuwa nayo. "Sasa mimi nitasoma nini?"

Mke wa fundi alijisogeza, akamwachia mama yule nafasi. Mama Kurasa hakuthubutu kuikalia. Inspekta aliitazama ile nafasi kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akakaa.